Mikono Nyuma ya Kiti cha Espoir

Pu, pu. Kimya. Kisha pu tena, kama mtu anayebisha mlango kwa ngumi iliyofungwa kitambaa. Hiyo ni sauti ya yaya wangu Espoir, yaani kaka mkubwa kwa lugha ya kwetu Bukavu, akitaka kukohoa na kushindwa, na mpaka leo, mtu akigonga godoro kulitoa vumbi, mimi hugeuka kutafuta ni nani amekosa pumzi. Tulikaa watu watatu katika chumba cha chini pale Joubert Park, Johannesburg: Espoir kwenye kitanda cha dirishani, mimi na mama yake, Mama Mkubwa, nyuma ya pazia la maua. Alfajiri nililala macho nikiisikiliza ile sauti ikigonga, nikisubiri itoke, nami nikibana pumzi yangu kana kwamba nikimwachia hewa yangu itamfikia. Mama Mkubwa naye alikuwa macho. Nilijua kwa sababu alipolala alikoroma, na alfajiri zile hakukoroma kamwe.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Mkubwa. Kwenye matanga, wamama wa kanisa walikaa juu ya magodoro chini ukutani, chai ikipita, na mmoja wao, Mama Béatrice, mwuza vitenge mwenye sauti ya kengele, akasema: "Ule mama alisukumaka mutoto wake mpaka mikono ikaota sugu. Mama kama ule mutaona wapi tena?" Wote wakaitikia, ni kweli, ni kweli. Nami niliitikia. Niliiosha mikono ile kwa mara ya mwisho, nikaziona sugu zenyewe. Lakini nilikuwa nimekaa na chai yangu ikipoa, nikiukumbuka mwaka wa 2017, mwaka ambao upendo wa mikono ile ulikaribia kutunyang'anya Espoir, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua jinsi ya kuuambia upendo ukae pembeni kidogo.

Espoir alikuwa mlinzi wa ofisi fulani kule Randburg. Alipanda ukutani kuangalia waya uliokatika, akaanguka kwa mgongo. Uti wa mgongo uliumia juu, usawa wa kifua. Toka hapo kushuka chini hakusikia kitu wala hakuweza kusogeza kitu. Mikono ilibaki mizima kabisa, na hilo ndilo jambo ambalo sisi sote tulilisahau. Kwetu mgonjwa hagusi kitu. Mama Mkubwa alimvisha, alimchana nywele, alimmenyea chungwa. Alimlisha bugali na sombe, ule ugali na kisamvu chetu, kwa vidole vyake, tonge baada ya tonge, na Espoir, mwanaume mwenye mabega kama mlango, alifungua kinywa kama kifaranga ili asimvunje moyo. Akitaka kwenda dirishani, Mama alimsukuma. Akitaka kwenda mlangoni, nilimsukuma mimi. Jumapili vijana wa kwaya waligombania vishikio vya kile kiti cha magurudumu kama watu wanaogombania kubeba Biblia ya mchungaji, na yule aliyewahi alitembea kifua mbele mpaka kanisani.

Mtu anayesukumwa kila siku, hata pumzi yake husahau kazi. Espoir aliyeweza kukusimulia mechi nzima, na mwamuzi, na matusi ya mashabiki, sasa alikata sentensi vipande vipande. Alianza utani, akapumzika katikati, na kichekesho chenyewe kilipofika tulikuwa tumekwisha kukisubiri mno. Tulicheka kwa huruma, naye alijua. Baridi ya kwanza baada ya ajali, nimonia ilimshika, akalazwa, na daktari alituambia bila kuzunguka kwamba kifua kile hakitastahimili baridi nyingine ya namna hiyo. Mkiijua Johannesburg mnajua baridi yake: kavu, haina hata mvua ya kuipooza, inaingia chini ya mlango kama mwenye nyumba. Ilikuwa inarudi mwezi wa sita. Mwaka ule wote, kila nilipotazama kalenda ya duka la nyama iliyoning'inia juu ya jiko letu, nilitazama mwezi wa sita tu.

Mimi nilikuwa msusi, na bado ni msusi. Stuli yangu ilikuwa kando ya barabara, lakini kichwani tayari nilikuwa na saluni yenye kioo mbele na birika la chai kwa wateja. Nilikuwa na furaha ya bure, furaha ya mtu aliyesoma kidogo na kuota sana. Siku moja nilikuwa ninamsuka Mkenya mmoja, Akinyi, na kwa kuwa kusuka ni kuongea, nikamtajia yaya wangu asiyetembea na kikohozi chake kisichotoka. Aligeuza kichwa ghafla hata nikamvuta nywele. "Anafanya mazoezi gani?" akauliza. Nilicheka. Mazoezi? Mtu asiyetembea? Akaniambia kwamba kazi yake ndiyo hiyo, kufundisha mazoezi watu walioumia uti wa mgongo, katika ukumbi mmoja Doornfontein, na kwamba nimlete.

Ukumbi wenyewe ulikuwa karibu na karakana za vyuma, ukinuka rangi na mkate wa jirani. Mezani palikuwa na baiskeli isiyo na magurudumu, pedali zake zikishikwa kwa mikono. Akinyi alisimama mbele ya Espoir, sketi na raba, nywele nilizomsuka zikimpendeza. "Sasa Espoir, wacha nikwambie ukweli. Mapafu yako iko sawa. Ile misuli ya tumbo ya kusukuma kikohozi ndiyo imezima, hiyo hatuwezi kuamsha. Lakini ya juu iko, mikono iko, na moyo uko. Moyo wako umekuwa mvivu kwa sababu hakuna mtu anauuliza kitu." Espoir akashika kifua. "Docta, moyo yangu... haijawahi kuwa... mvivu. Uliza wasichana wa... Bukavu." Akinyi akacheka. "Mimi si daktari." "Ndiyo, Docta."

Kisha akatueleza neno ambalo nimelihifadhi. Mimi nikikimbia, ubongo hupeleka habari kwa moyo, haraka, haraka! Kwa Espoir habari hiyo inakwama pale palipoumia, kwa hiyo moyo wake hautapiga mbio kama wangu hata akijichosha. Tusiungoje moyo. Tusikilize pumzi. "Akizungusha, aweze kuongea lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba, anacheza. Akishindwa kuongea, amezidisha, apumzike." Espoir alinitazama kwa hofu ya kweli. Alikuwa sauti ya nne ya kwaya. "Sasa huyu ananikatazaka... kuimba?" Nikamwambia hapana yaya, utaimba ukipumzika.

Basi hiyo ikawa kazi yangu, kumwongelesha. Yeye anazungusha, mimi namuuliza nani kaoa, nani kaachika, bei ya ndagala, dagaa wa kwetu, na yeye lazima ajibu. Kisha ghafla nasema, "Imba!" Akifikisha mstari mzima, Akinyi anaongeza uzito. Tulijifunza pia kwamba mwili wake hautoi jasho chini ya kifua, kwa hiyo joto linamjaa kama chungu kilichofunikwa, na nikawa nampulizia maji kwa ile chupa yangu ya kulainishia nywele. Alirudi nyumbani akinukia saluni. Na kabla ya kutuachia, siku ya kwanza kabisa, Akinyi aliinama akashika vishikio vya kiti, akaviachia. "Mashine peke yake haitoshi. Njia ya kwenda na kurudi ajisukume mwenyewe. Kila siku. Wewe Zawadi, tembea kando. Mikono yako weka mfukoni."

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Kutoka Doornfontein mpaka Joubert Park si mbali, lakini kuna kipande kinachopanda, na kwenye kile kipande Espoir alikwenda kama konokono, shingo imevimba, akihema na kuongea nami kama ilivyoagizwa. Watu hawakuvumilia. Mikono ilitoka kila upande. Mlinzi wa duka akaacha mlango wake: "Eish, dada, unatembea tu hivyo? Msaidie huyo mtu!" Mama mmoja wa Kikongo, mwuza mikate, akanifuata hatua kadhaa na beseni kichwani. "Weye musichana, moyo yako iko wapi? Ni bwana yako? Ndiyo maana hamuzai!" Nililia, nikicheka pia, maana Espoir alimjibu kwa sentensi nzima, ndefu, ya kwanza kwa miezi, kwamba huyu ni dada yake na kwamba mikate yake huyo mama ni migumu. Lakini yule mama alikwisha kushika vishikio. Na hapa lazima niseme jambo la kwetu. Kwetu mtu akikataa msaada, anaonyesha malezi. Anakataa chakula huku anavuta kiti cha kukalia. Ukimwacha kwa sababu alisema hapana, wewe ndiye huna adabu. Kwa hiyo kila Espoir aliposema, "Asante, muniache," walimwona mtu mstaarabu kweli, na wakasukuma kwa nguvu zaidi.

Mama Mkubwa alipojua, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka sufuria chini polepole. "Mutoto wangu atajisukuma barabarani? Kama wale wa kwenye robot?" Robot ndizo taa za barabarani huku, na pale kwenye taa, magari yakisimama, walikuwako wanaume wa viti waliopitisha kikombe madirishani. Espoir akasema, "Mama, ni mazoezi ya kifua." Akajibu, "Kifua ni cha Mungu. Aibu ni yangu." Kuanzia siku ile alifunga mapema meza yake ya ndagala sokoni, akawa anatusubiri kona ya ukumbi, kanga kiunoni, na tukitokea tu anakamata kiti. Espoir aliweka mikono kwenye mapaja. Chakula cha jioni tulikula tukisikia vijiko.

Hata hivyo mashine ilifanya kazi yake. Mwezi wa nne alikohoa mara moja, kikohozi cha kweli, na makohozi yakatoka, nasi tulitazamana kama watu waliosikia redio iliyokufa ikiongea. Ndiyo maana ile Jumapili ya mwezi wa tano alimwambia Mama atangulie kanisani kupanga viti. Alitaka kupanda mwenyewe ule mteremko wa kanisa mpaka mlangoni, watu wamwone. Nilimpaka mafuta mikononi. Tulipofika katikati ya mteremko, akiongea, akihema vizuri, vijana wa kwaya wakatuona kutoka juu. Walishuka mbio na sare zao za zambarau, wakicheka, wakatuzunguka. "Muniache, wandugu," alisema Espoir. "Usituogope yaya!" "Nasema muniache!" "Huyu mutu ana adabu sana!" Wawili wakashika, wakaanza kukimbia naye kama wanaocheza na mtoto. Nilipiga kelele. Espoir aligandamiza magurudumu kwa viganja vyake asimame, wao wakadhani tairi limekwama, wakasukuma kwa kifua. Kiti kikageuka. Nikamwona akienda upande, taratibu kabisa, kisha chini.

Hakuvunjika kitu. Viganja vilichunika, bega likavimba, na ubavuni kwenye nyonga, mahali asipohisi, ngozi ilikuwa imekwanguka upana wa sahani. Vijana walilia. Walileta juisi na ndizi, wakapiga magoti kando ya kitanda, naye akawafariji. Lakini ngozi ya mtu aliyeumia uti haiponi kwa haraka, na kidonda cha nyonga hakikaliwi. Alilala ubavu mmoja, wiki baada ya wiki, akiutazama ukuta. Mama Mkubwa alikunja mikono. "Munaona? Njo maana nilikatala." Na mwezi wa sita ukaingia. Asubuhi ya kwanza ya barafu kwenye madirisha ya magari, nyuma ya pazia, nikaisikia tena: pu, pu.

Akinyi alikuwa amenifundisha kitu kimoja cha dharura, na niliomba nisikitumie. Kilinifika asubuhi moja tukinywa uji. Espoir alikuwa ameinuliwa kwa mito. Akavuta hewa, ikakwama. Midomo ikabadilika rangi. Macho yake yalinitafuta, makubwa, hayana utani hata kidogo. Mama aliangusha bakuli, akajishika kichwa, akaanza kumwita Yesu kwa Kimashi, lugha ya kwao. Nilipanda kitandani na viatu. Nikaweka viganja chini ya mbavu zake, nikamwambia, "Yaya, pamoja na mimi, sasa," na alipojaribu kukohoa nikasukuma ndani na juu kwa uzito wangu wote. Hakuna. Tena. Hakuna. "Tena, yaya!" Mara ile kitu kikang'oka, kizito, kikatoka, na hewa ikaingia ndani yake kwa sauti kama nguo inayopasuka. Mama Mkubwa alikaa sakafuni juu ya uji. Alitazama mikono yangu, kisha akatazama yake, viganja na migongo yake, kama anayetafuta kilichoandikwa.

Pale kwenye matanga, Mama Béatrice alipokuwa akisifu zile sugu, Espoir alikuwa kando yangu na alinifinya paja. Aliacha wamama wamalize, akavuta pumzi, akaanzisha wimbo kwa sauti ya nne, mstari mrefu bila kukata, chumba kikaitikia. Wamama wale hawajui kwamba miaka yake ya mwisho Mama Mkubwa alitembea ubavuni mwake na mkoba mkononi, akiwafukuza watu wote waliomkaribia mwanawe kutoka nyuma kama anayefukuza kuku kwenye mtama. Wanakumbuka picha waliyoipenda. Mimi sikuwasahihisha. Msiba si mahali pa kusahihisha. Lakini kutoka ile asubuhi ya uji mpaka kwenye ule mkoba palikuwa na jambo moja katikati, na hilo nalijua mimi.

Siku chache baada ya ile asubuhi, Akinyi alikuja nyumbani, akakagua nyonga, ngozi imefunga. Akaweka sikio mgongoni kwa Espoir. Akasema aanze kesho, barabarani, polepole, asingoje baridi iishe kwa sababu baridi nayo haimngoji. Mama alimpa chai. Alipoondoka, nilijilaza nyuma ya pazia nikijifanya ninapumzika, nikawasikia wawili.

"Mama, ukinisukuma, unaniua polepole."

"Miye? Miye nikuue?"

"Si kwa kutaka."

Mabomba yakagonga ukutani, juu kulikuwa na mtu anaoga.

"Espoir. Ulipoanguka pale Randburg sikukuwako. Hata kukudaka sikukudaka. Sasa nisiposukuma, hii mikono yangu itafanya nini?"

Nilisikia kitanda kikilia, nadhani Espoir alimvuta karibu. Mama akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nikiona kile kiti mbele yangu, mikono inaenda yenyewe. Siwezi kuikataza." Kisha akachukua beseni lake la ndagala, akatoka kwenda sokoni, akafunga mlango taratibu.

Espoir aliniita. Alijua nimesikia. "Zawa, nikisema hapana wanaona adabu. Hata Mama hawezi. Kiti njo kiseme." Akanionyesha nyuma ya kiti, vile vishikio viwili vya bomba lililopinda, na plastiki zake nyeusi zilizolainika kwa viganja vya watu. Nilielewa. Nikamwambia, yaya, tukivikata havirudi. Tukikata na pumzi isirudi, nitakushika wapi? Alifumba macho. "Utanishika mbavu. Unajua kushika mbavu."

Nilikwenda mbio mpaka Doornfontein, kwa fundi wa vyuma jirani na ukumbi, nikaazima msumeno wa chuma na tupa. Alitaka kuja kunisaidia. Nikakataa, na nilikataa mara mbili kwa ukali ili asinielewe vibaya. Niliporudi, Espoir alikuwa amesinzia. Nilikitoa kiti nje, uani, kwenye kamba za nguo, jua la baridi likiangaza bila kupasha kitu. Nilikibananisha kwa magoti. Meno ya msumeno yaliteleza mara ya kwanza, yakachora rangi tu, na nikasimama, nikatazama lango, nikihofia Mama asiwe amesahau kitu akarudi. Hakuna mtu aliyekuja. Nikaegemea, nikavuta, nikasukuma, chuma kikapiga kelele mpaka kwenye meno yangu, na vumbi lake likang'aa kwenye sketi. Bomba la kwanza lilianguka kwenye saruji. La pili lilinichukua muda mrefu zaidi, mkono ulikuwa umekufa ganzi. Kisha nikazipiga tupa zile ncha, nikazungusha kidole, nikapiga tena, mpaka ikawa hata mtoto akigusa hachubuki. Nikapuliza vumbi. Nikasimama nyuma ya kiti kukirudisha ndani, na mikono yangu ikanyooka yenyewe mbele, ikashika hewa.